Cheni ya taimingi inaposhukiwa kuruka meno

SWALI: Assalamu alaikum, Fundi. Nina gari dogo la gia za mkono ambalo hubeba samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi mjini. Wiki iliyopita lilikwama mchangani, vijana wakalisukuma kinyumenyume injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa imeingizwa. Tangu siku hiyo linawaka kwa shida, linatetemeka na halina nguvu. Fundi wangu amelipima kwa mashine akapata msimbo P0016, na sasa anasema cheni imeruka meno, hivyo anataka kulifungua leo leo. Je, nimruhusu?
Msomaji, Barani, Malindi

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Kabla ya yote, nakuomba usiliwashe tena gari hilo, kwa sababu katika injini nyingi za cheni valvu na pistoni hupishana kwa nafasi ndogo sana, na jino moja au mawili yakizidi kupotea, valvu hupindwa.

Msimbo huo unasema tu kwamba krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kamshafti (mhimili unaofungua valvu), ambazo huunganishwa na cheni ya taimingi, hazipatani. Hausemi kwamba cheni ndiyo yenye kosa. Oili iliyopungua au kuchafuka, pamoja na valvu ya oili inayobadilisha taimingi (wakati wa valvu za injini kufunguka) ikinasa, huweza kuleta msimbo uo huo, kwa hiyo hayo yaangaliwe kwanza kwa kuwa ni ya gharama ndogo. Hata hivyo, habari ya kusukumwa nyuma inanitia wasiwasi. Kikaza cheni hutegemea shinikizo la oili, ambalo halipo injini ikiwa imezimwa, na injini ikizungushwa kinyume, mvuto wa cheni huhamia upande wa kikaza na kukirudisha ndani, ndipo cheni inapolegea upande wa pili. Vikaza vingi vina meno ya kuzuia jambo hilo, lakini meno hayo huchakaa.

Fundi wako atoe plagi zote na kifuniko cha juu, kisha azungushe injini kwa spana, kwa upande inaozungukia kila siku, mpaka mkato wa puli ya krankshafti ukutane na alama ya sifuri. Krankshafti huzunguka mara mbili kamshafti inapozunguka mara moja. Hivyo alama za juu, za gia ya kamshafti, zikionekana zimegeuka nusu duara, azungushe puli duara moja zaidi kabla ya kulaumu cheni. Vilevile asiiamini puli peke yake, maana mpira wake ukiachia, duara la nje huhama na alama yake ikadanganya. Aingize kijiti chembamba cha plastiki katika tundu la plagi ya silinda ya kwanza, na ahisi pistoni ikifika juu kabisa.

Ikithibitika kuwa alama zimepishana, mruhusu. Kazi hiyo ifanyike ndani ya banda, wala si chini ya mwarobaini wakati kusi inavuma, kwa kuwa mchanga wetu ukiingia kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) hautoki kwa urahisi. Pingili za cheni zenye rangi zikabiliane na alama za gia kama kitabu cha injini hiyo kinavyoonyesha, kikaza kifungwe kikiwa kimerudishwa ndani, kisha kiachiwe. Hapo azungushe injini kwa mkono duara mbili kamili. Ikigota, asilazimishe hata kidogo. Baada ya duara hizo, alama za gia hurudi mahali pake, ilhali pingili zenye rangi hazirudi mpaka injini izungushwe mara nyingi. Nimeona mafundi wazuri wakifungua upya kazi iliyokuwa sahihi kwa kutolijua hili.

Cheni ikiwa imerefuka, badilisheni cheni, kikaza na reli zinazoiongoza cheni kwa pamoja. Kikaza kilekile kilichoshindwa mchangani kikirudishwa, mtarudia kazi hii.

Kifuniko kikishafungwa na gundi ya gasketi kukauka, apime kompresheni (mbano wa hewa) ya kila silinda kwa stata kabla ya kurudisha plagi. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, huenda valvu imepinda, na hapo silinda hedi (kichwa cha injini chenye valvu) itabidi ishuke. Zikilingana, liwashwe: cheni inaweza kulia sekunde chache oili ikipanda, na ikiendelea baada ya hapo, zimeni mara moja mkakague kikaza.