Breka inalinda waya, mwili wako haiujui

Mdogo wangu uliyeanza kubeba begi la fundi, nikuanzie na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii niliitwa na mama mmoja. Breka ya soketi za jikoni ilikuwa inajizima karibu kila asubuhi chai ikiwa jikoni. "Mwanangu, hii ndogo, niwekee kubwa." Nikatoa ya ampia 20, nikapachika ya 32. Haikujizima tena, akanishukuru sana. Miezi miwili baadaye akanipigia: jikoni kunanuka plastiki inayoungua. Nilipofungua soketi, ganda la waya lilikuwa limelainika na kuwa jeusi. Ukuta wenyewe ulikuwa na joto.

Hesabu niliyopaswa kuifanya siku ile ni hii. Birika lake wati 2,200, pasi 2,000, jiko la sahani mbili 2,500. Jumla 6,700. Gawanya kwa volti 230, unapata kama ampia 29. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliopita ndani ya bomba ukutani hautakiwi kubebeshwa mzigo huo kila siku. Breka ya 20 huvumilia kwa muda, kisha inakata, na ndivyo ilivyokuwa inafanya. Ile ya 32 kwa ampia 29 haina sababu ya kukata. Nilikuwa nimeiziba mdomo iliyokuwa inasema kweli.

Nilibadilisha waya wote ulioungua bila kumtoza ufundi. Jiko nikalivutia laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, soketi zikarudi kwenye breka ya 20.

Sasa upande wako wewe. Mwili uliolowa jasho, ukinzani wake unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. 230 kwa 1,000 ni miliampia 230: zinatosha kabisa kuua, na breka ya ampia 20 haina habari. Kinachokuona ni RCD ya miliampia 30, kifaa kinachokata umeme unapovuja. Inalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua kwa sababu mwingine umepita mwilini mwako kwenda ardhini, inakata. Mteja akikuambia ni gharama, mweleze kwa upole, na usichoke kumweleza. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze mbele yake ajue namna ya kuipima.

Swichi usiiamini. Nimekuta nyumba ambazo swichi ya taa imefungwa kwenye nyutro: taa imezimika, holda bado ina moto. Zima breka ya laini hiyo na uwaambie wenyeji wasiiguse. Jaribu testa kwenye laini nyingine yenye umeme ujue ni nzima, pima pale unapotaka kushika, kisha uirudishe kwenye ile yenye umeme uone bado inawaka. Ndipo ushike bisibisi.