Mbegu ya GMO ni ya nani? Majibu kwa wasomaji wa Tanga

Shikamoo mwalimu. Machungwa ya Muheza ni makubwa mno siku hizi. Si GMO hayo? (Kijana, Ngamiani)

Marahaba. Si GMO, yaani mmea au kiumbe kilichobadilishwa vinasaba (chembe za urithi) maabara. Ni miche ya kubebesha: kijiti cha mchungwa mtamu juu ya shina la mlimau. Hakuna aliyegusa vinasaba. Kula machungwa yako.

Kutia kinasaba cha kiumbe kimoja ndani ya kingine si kuingilia kazi ya Mungu? Na kikiwa cha nguruwe? (Mama, Pangani)

Mahindi ya GMO yanayoua viwavi yametiwa kinasaba cha bakteria wa udongoni. Nguruwe hamo. Halali na haramu muulize sheikh wako, ila mpelekee habari kamili, si uvumi wa WhatsApp.

Ama kuingilia kazi ya Mungu, mbona hapo Amani, juu ya Muheza, tangu miaka ya 1930 watafiti walichanganya muhogo na mti wa mpira, ndugu yake wa porini, wapate mihogo inayohimili magonjwa ya batobato na michirizi kahawia? Uzao wake ulifika hadi Nigeria. Utasema wale ni ndugu, na bakteria na mahindi si ndugu. Kweli. Lakini mimi hilo halininyimi usingizi. Linaloninyima ni swali linalofuata.

Mwanangu, nikipanda GMO, naweza kuweka mbegu ya msimu ujao? (Mzee, Handeni)

Shikamoo mzee wangu. Marekani, mkulima wa Indiana, Vernon Bowman, alinunua soya kwenye ghala la nafaka kwa pesa yake, akapanda, akaweka mbegu, akapanda tena. Soya ile ilikuwa na kinasaba chenye hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kampuni ya mbegu ya Monsanto. Wakamshtaki, na mwaka 2013 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakaipa kampuni ushindi. Sasa fikiria yale mahindi unayoyafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko, halafu mtu aje kuyadai! Mimi naona hiyo ni dhuluma, hata kama mbegu yenyewe ni salama kabisa.

Kwetu majaribio ya mahindi ya GMO yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na Januari 2021 waziri wa kilimo akatangaza kuyasitisha. Yakirudi, bwana shamba akikuletea mfuko, mwambie akusomee kwanza masharti ya kuweka mbegu, ndipo mzungumze mavuno.

Mama anachoma insulini. Nayo ni GMO? (Binti, Chumbageni)

Insulini nyingi ya leo hutengenezwa na bakteria au hamira iliyotiwa kinasaba cha binadamu. Ya kwanza iliruhusiwa mwaka 1982. Kabla yake ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Asiiache bila daktari.