Kutembea tu hakumtoshi mama

Dada, umeuliza kama mama wa miaka 67 anayetembea kila asubuhi anahitaji mazoezi mengine. Ndiyo, anahitaji. Matembezi yanamsaidia moyo, presha na sukari, asiyaache kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ila misuli hupungua umri unavyosonga, na kutembea pekee hakuzuii hilo. Muanzishie kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kujishika, siku 2 au zaidi kwa wiki. Halafu asimame kwa mguu mmoja karibu na ukuta, wewe ukiwa pembeni, angalau siku 3. Hilo la mwisho usilidharau, tafadhali: kwa umri wake kuanguka na kuvunjika nyonga ni hatari kubwa. Magoti yakiuma, tumia kiti kilichoinuka zaidi.