Jiwe Letu Kwenye Foleni ya Sukari

Wiki hii mmeuliza: ni kitu gani kidogo ukikiona njiani kinakukumbusha utoto, na je, ungependa kurudi? La kwanza kwangu ni jepesi. Ni madumu ya njano yaliyopangwa foleni mbele ya bomba, wenyewe hawapo. Hapa Tabata maji yakikatika siku mbili tatu, utayakuta alfajiri yamesimama hivyo, na mimi moyo unanilipuka. La pili ndilo lililonikosesha usingizi, maana wengi wa rika langu hujibu haraka: ndiyo, zamani watu walikuwa na utu. Naomba tusiseme hivyo kabla ya kukumbuka vizuri.

Waliokulia Tanga mwanzoni mwa miaka ya themanini hawahitaji kuelezwa. Baada ya vita ya Kagera fedha za kigeni zilikauka, na kila kitu kikawa cha mgawo: sukari, sabuni, mchele, kanga. Tulikula unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tukafua kwa majani ya mpapai. Duka la kaya, lile la mgawo, likishusha sukari, habari zilienea Ngamiani kabla gari halijazima injini, na foleni ilipangwa usiku ule ule. Haikupangwa kwa watu, ilipangwa kwa mawe.

Ilikuwa Ramadhani ya 1984, kama miezi miwili tangu Waziri Mkuu Sokoine afariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, watu wazima bado wakimtaja kwa sauti ya chini. Nilikuwa na miaka tisa. Baada ya daku mama akanituma nikaangalie jiwe letu, lililowekwa tangu magharibi. Lilikuwa kipande cha tofali chenye alama ya mkaa. Mbele yake palikuwa na jiwe la bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa akilea wajukuu wawili: jiwe la matumbawe, jeupe, lina vitundu kama mkate wa kumimina. Kila mtu alilijua.

Sikuwa na sababu. Foleni ilikuwa ya mawe sitini hivi, na nafasi moja niliiona si kitu. Nikatazama huku na huku, nikabadilisha: letu mbele, lake nyuma. Nakumbuka lilikuwa na umande, na lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.

Saa nne asubuhi sukari ikaishia kwangu. Muuzaji alikung'uta gunia, akapima kilo yangu, akasema basi. Bibi alikuwa nyuma yangu na kikapu chake. Alisema alidhani yeye yuko mbele ya tofali. Hakunitazama, alikuwa akijiuliza mwenyewe, kama mtu aliyesahau alikoweka ufunguo. Kisha akainama, akaokota jiwe lake, akalitia kwenye kikapu, akaondoka nalo. Nilimtazama mpaka akakata kona. Kikapu kilikuwa kimeinamia upande mmoja kwa uzito.

Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, mama alinipa bakuli la uji wa mchele, umetiwa sukari ile ile, nimpelekee. Bibi alinipokea mlangoni, akaniombea kwa Mungu nikue. Sikusema. Mama amefariki bila kujua.

Sasa nikisikia utu wa zamani, mimi nilikuwepo, na mkono uliohamisha jiwe ulikuwa wangu. Nilianza kuandika nikitaka kuishia hapo. Lakini nikihesabu upya, mawe yalikuwa sitini, yamelala nje usiku kucha bila mlinzi, na asubuhi kila mtu akasimama kwenye jiwe lake bila ugomvi. Lililohamishwa, kwa ninavyojua, ni moja. Na mama, aliyekuwa na kilo moja kwa watu wanane, hakungoja aombwe. Siwezi kuyafuta hayo kwa sababu ya kosa langu. Wala siwezi kusema yamekwisha: juzi pale bombani nilimwona mtoto akilisogeza dumu la kwao mbele kwa mguu, na mama mmoja akalirudisha, akamshika kichwa tu, akaendelea kuchota.

Kwa hiyo ndiyo, ningerudi. Si kwa foleni zile. Wanaosema shida ile ilitujenga sikubaliani nao hata leo, kwa sababu walioibeba hasa walikuwa wanawake kama yule bibi. Ningerudi kwa dakika ile moja baada ya daku, nikalirudishe jiwe lake mahali pake. Mama angenigombeza kwa kurudi mikono mitupu, hilo nalijua. Huenda jioni bakuli la uji lingetoka kwa bibi kuja kwetu.