Kanisani naimba bure, nalipwa kufagia

Shikamooni wakubwa, na vijana wa kwaya hamjambo.

Nimesoma jumbe zote za kundi letu la simu, hata zile za saa tisa usiku. Naona picha yangu, nimesimama kando ya kinanda cha mabomba, imezunguka kutoka Muheza hadi Korogwe, na kila ilipopita imeongezewa mshahara. Mmoja anasema nimeajiriwa na kanisa la Waepiskopali, yaani Waanglikana wa Kimarekani, huku Ujerumani kama mwanamuziki. Mwingine anasema mapadri wa huku wanalipwa dola sawa na mabalozi. Shemasi ameniandikia pembeni, kwa adabu zote, ananiomba nimuunganishe. Na mhazini wa kwaya, Mungu ambariki, ameshaniandika kwenye orodha ya wachangiaji wa kinanda kipya, jina la kwanza kabisa, kiasi ameacha wazi.

Sasa nisikilizeni. Aliyeirusha ile picha mara ya kwanza ameikata upande. Upande uliokatwa kuna mkono wangu wa kushoto, na mkononi nimeshika kitambaa cha vumbi. Ilikuwa Ijumaa, siku ya usafi. Mkataba wangu na kanisa ni wa usafi: kufagia, kupiga deki, kusugua choo cha ukumbini, kukunja viti, na kutoa taka kwa mafungu yake manne, maana hapa hata taka zina madhehebu. Neno kwaya halimo humo. Jumapili naimba alto, sauti ya pili, kwa kupenda mwenyewe, bure, kama nilivyokuwa naimba huko.

Mkataba wenyewe ni wa kazi ndogo, Wajerumani wanaiita Minijob. Kwa mwaka 2025 kikomo chake kilikuwa yuro 556 kwa mwezi, na mimi kikomo hicho sikukifikia. Haikupi bima ya afya yako mwenyewe. Kibali cha kuishi ndiyo usahau kabisa, hakuna ofisi ya wageni itakayogonga muhuri kwa sababu unafagia kanisa mara moja kwa wiki. Kibali changu kimesimama juu ya nyumba ya wazee, ninakowaogesha na kuwageuza usiku watu ambao wengine wananiita kwa majina ya binti zao. Hilo mnalijua, nilishaandika, sirudii. Hela ya kufagia ndiyo inayokuja kwenu. Kila mliposema "dada ametuma kutoka kanisani", mlikuwa mnasema kweli bila kujua.

Uvumi huu nakijua chanzo chake. Makanisa haya ya Wamarekani Ulaya yalijengwa kweli na matajiri. Paris wana kanisa kuu barabara ya George V, liliwekwa wakfu mwaka 1886. Roma wana Mtakatifu Paulo pale Via Nazionale, lenye mozaiki alizozibuni mchoraji Mwingereza Burne-Jones. La Florence, mmoja wa waliochangia ni J. P. Morgan, yule wa benki. Mtu akiyaona kwenye simu anasema hapa pesa zipo. Morgan alikufa mwaka 1913 na hakuacha agizo la kunilipa mimi.

Wanaojaza viti leo ni watu wa mkataba. Mhandisi kaletwa na kampuni miaka miwili, mwanajeshi mitatu, mwalimu wa shule ya kimataifa mmoja na nusu. Kila Juni tunaaga. Padri anawaita mbele, tunawanyooshea mikono, tunawaombea safari, tunakula keki, na Jumapili inayofuata hawapo tena. Septemba kwaya inaanza upya, tunaulizana majina. Mwaka jana besi zote ziliondoka kwa mpigo. Mnadhani Wajerumani wanatulipia? Wajerumani wana kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kutegemea na jimbo, inakatwa kazini na kwenda kwa Wakatoliki na Waprotestanti wao wakubwa. Sisi tunaishi kwa ahadi. Kila mtu anaandika mwanzoni mwa mwaka atatoa kiasi gani kwa mwezi, na mwenye ahadi nono akihamishiwa Singapore, bajeti inahama naye. Mimi mfagiaji hulijua hilo mapema kuliko halmashauri ya kanisa: sabuni inabadilika.

Sasa muziki, kwa kuwa ndilo mnaloniuliza.

Mpiga kinanda wetu amesomea. Huku mwanamuziki wa kanisa ana daraja kwa herufi: A na B ndio wenye shahada na ajira kamili kwenye makanisa makubwa, C ni wa saa chache. Yeye ana karatasi zake zote na bado kwetu anapata saa za Jumapili na mazoezi ya jioni moja tu. Riziki yake nyingine ni misiba ya Walutheri. Kando yake kuna vijana wanne wa chuo cha muziki, kila sauti mmoja, wanalipwa kwa ibada. Wawili ni Wakorea. Wanakuja saa moja kabla, wanafunguliwa nota ambazo hawajawahi kuziona, wanaimba mara moja, basi, wimbo umekwisha. Mmoja haamini Mungu na anasema hivyo bila haya, na akiimba Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu, unatamani kutubu. Mahubiri yakianza anatoka kuvuta sigara.

Mimi nilikuja na solfa yangu. Nilikuwa mwalimu wa sauti ya pili, mnanijua, nilikuwa nawapiga nyie watoto vidole kwa rula mkikosa fa. Siku ya kwanza nikapewa karatasi yenye mistari mitano, nikaitafuta d, r, m, sikuiona mahali. Nikasimama pale mtu mzima, mdomo wazi, natazama mdomo wa jirani. Mpaka leo naichukua karatasi nyumbani na penseli, chini ya kila nota naandika s, s, l, s, na yule Mkorea wa besi huchungulia na kutikisa kichwa, sijui kwa huruma au kwa heshima. Sikio langu ndilo pona yangu. Ibada yenyewe haikunitisha, mtu aliyelelewa katika kanisa la Magila, lililoanzishwa na wamisionari Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, hashtuki kwa ubani wala maandamano ya msalaba. Nota ndizo zilinivua nguo.

Kwa hiyo wewe mdogo wangu unayesema "dada mimi napiga kinanda kuliko hao, nitumie mwaliko": unapiga vizuri, nakiri, umenishinda hata mimi. Unapiga kwa kusikia, na kwa F tu, na ukibadilishiwa ufunguo unabonyeza kitufe. Kinanda cha mabomba hakina kitufe hicho, na kina safu nyingine nzima ya kupigwa kwa miguu. Jifunze nota. Anza leo, usisubiri viza. Hata usipokuja, jifunze.

Kuna siku moja kwa mwaka ninapokumbukwa. Pentekoste, Matendo sura ya pili inasomwa kwa lugha nyingi kwa pamoja, napigiwa simu wiki mbili kabla nisome Kiswahili. Nasoma kwa sauti, namalizia wa mwisho makusudi. Baadaye wanaomba "wimbo wa Kiafrika" na kuniletea wimbo wa Kizulu wakidhani nimezaliwa nao. Nauimba. Ningefanyaje? Wanapiga makofi nje ya mpigo, wanalia machozi, wananikumbatia. Ijumaa niko na ndoo.

Nisiwe mchoyo wa shukrani, hata hivyo. Padri wetu ni mama, Mmarekani. Najua wapo waliokwisha kunja uso hapo, kunjeni tu. Jumatano moja nilimkuta amepiga magoti mbele ya boila, kola shingoni, tochi mdomoni, anasoma maelekezo ya Kijerumani kwa kamusi ya simu kwa sababu fundi alitaka bei ambayo halmashauri haina. Kibali changu kilipokwama, alikuja nami ofisi ya wageni saa moja asubuhi, akachukua namba, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki mpaka tukaitwa. Hakusema neno zuri wala baya, alikaa. Na sio yeye tu. Chini ya lile kanisa la Roma kuna kituo cha wakimbizi chenye jina la Mganda, Joel Nafuma. Watu hawa wanaweza kukusahau kwenye kwaya na wasikusahau kwenye shida. Huko kwetu wakati mwingine ni kinyume, na msininunie.

Shemasi, sasa ni zamu yako, na nitakuambia kama dada. Huku askofu hakuhamishi mtaa kwa barua. Waumini wanaunda kamati, wanatafuta padri mwaka mzima na zaidi, wanahoji watu, halmashauri inachagua, askofu anaridhia. Katikati ya kutafuta wanaletwa mapadri wastaafu kutoka Marekani kwa miezi miwili mitatu, wanapewa nyumba ya kukaa na asante. Akipatikana wa kudumu, juu ya mshahara wake kanisa linapaswa kupeleka asilimia 18 kwenye mfuko wa pensheni wa mapadri wa Kiepiskopali, bado bima, bado nyumba. Ndiyo maana makanisa madogo yana padri nusu, wa saa chache tu. Na mashemasi? Wengi wa Waepiskopali hawalipwi kabisa, wana kazi zao za wiki. Hiyo ndiyo dola uliyosikia.

Halafu kuna lile mnalolizungumza mkiwa mmefunga mlango. Mwaka 2003 Waepiskopali walimweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu wa New Hampshire, mwanamume aliyekuwa akiishi waziwazi na mwenzi wa kiume. Desemba 2006 maaskofu wa Kanisa Anglikana Tanzania wakatangaza kwamba ushirika wao na kanisa hilo umejeruhika vibaya, na kwamba hawatapokea kwa kujua misaada ya wanaoliunga mkono jambo hilo. Ili uhudumu huku unahitaji barua ya askofu wako kukukabidhi kwa askofu wa huku. Nenda kamwombe. Vaa vizuri. Ukishajibiwa, niambie kama bado unataka kuunganishwa. Na usidhani utapitia kwa Waingereza, wenye dayosisi yao ya Ulaya: mlango ni mwingine, barua ni ileile.

Na hapa ndipo ninapokereka kweli. Kuna mzee mmoja wa kanisa, sitamtaja, aliniuliza mbele ya watu wote humu kundini, "Mwanangu, unasali na watu wa namna gani huko?" Nikanyamaza, ni mkubwa wangu. Wiki iliyofuata akanitumia namba ya simu ya kupokelea mchango wa paa. Mzee wangu, shikamoo tena. Kama kanisa hili ni najisi, basi na bati lile ni najisi, lishusheni. Kama bati ni safi, tuache kuulizana nasali na nani. Nasali na watu walionipa ufunguo wa kanisa zima, wakati kwetu ufunguo wa kabati la majoho tu tuligombana miaka.

Nimesema vibaya, nisameheni. Sifuti lakini.

Msije kwa ajili ya kanisa. Hilo ndilo jibu. Anayetaka kuja aje kwa uuguzi, asome Kijerumani huko huko Tanga au Dar mpaka ngazi ya B1 na ikiwezekana B2, apate mkataba wa mafunzo mkononi kabla ya tiketi, asiuze shamba la machungwa kumlipa wakala. Akifika, Jumapili atafute kanisa, aimbe, hata bure, hasa bure, maana bila hivyo wiki za Novemba na Desemba zitammaliza. Nawaambia msije na huku namwambia mdogo wangu ajifunze nota. Ndiyo, najisikia ninavyojipinga. Nyie mngekuwa hapa kwaya hii ingekuwa na alto. Na mngekuwa hapa nani angeimba huko? Naambiwa tangu niondoke sauti ya pili wamebaki wawili na mmoja ameolewa Pangani. Hilo linaniuma kuliko kufagia, basi msinikumbushe kila Pasaka kwa kunitumia sauti mliyorekodi.

Kuhusu kinanda. Mhazini, nitoe pale juu, niandike katikati ya orodha kwa jina la mama yangu. Kiasi nitakisema mwezi wa tatu, baada ya ada ya mdogo wangu kulipwa. Nataka bei ya maandishi kutoka dukani, sio ya mdomo ya mtu aliyepita Kariakoo. Kiwe kinakubali betri, maana umeme wa Muheza naukumbuka, na kiwe na funguo 61 zinazofanya kazi zote, taa za kumetameta hazituhusu. Hela nitaituma kwa simu ya padri, na risiti iwekwe humu kundini siku hiyohiyo.