Msiisasishe FreeBSD Mkiitegemea dig

Toleo la 10.0 la FreeBSD, mfumo endeshi wa seva, lilipotoka Januari 2014, BIND, programu ya DNS (huduma ya kutafsiri majina ya mtandao kuwa anwani), iliondolewa katika mfumo wa msingi, na amri zake za kuiuliza DNS, dig na nslookup, zikaondoka pamoja nayo. Mahali pake pakawekwa Unbound, programu ya kutafsiri majina, na drill, amri ya kuuliza, zote kazi ya NLnet Labs ya Uholanzi. Taarifa hiyo niliisoma harakaharaka, nikidhani ni suala la kuzoea jina jipya la amri.

Usiku mmoja nikasasisha seva ya chama cha akiba na mikopo hapa Mbale. Kulipokucha, barua pepe hazikutoka. Niliandika dig, nikajibiwa kwamba amri hiyo haipo. Nikajaribu kusakinisha kifurushi cha bind-tools, chenye dig ndani yake, lakini pkg, amri ya kusakinisha vifurushi, nayo ilishindwa kuifikia hazina ya vifurushi, kwa kuwa hakuna jina lolote lililotafsiriwa kuwa anwani. Karani alisimama mlangoni na daftari lake, wanachama wakingoja taarifa za mikopo yao. Baada ya saa nzima nilifungua /etc/resolv.conf, faili linalotaja seva ya majina ya kuulizwa, nikakuta mstari mmoja tu: nameserver 127.0.0.1. Seva ilikuwa ikiiuliza named, yaani programu ya seva ya majina ya BIND, iliyomo ndani yake yenyewe, na named ndiyo iliyofutwa usiku ule. Nilipoweka anwani ya seva ya majina ya mtoa huduma wetu, barua zilianza kutoka papo hapo.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaotunza seva za namna hii, kabla ya kusasisha hakikisheni resolv.conf inataja seva ya majina iliyo nje ya mashine. Baadaye mnaweza kuwasha local_unbound, yaani Unbound ya mashine yenyewe, katika faili la mipangilio rc.conf. Pekueni pia skripti zote zinazotumia dig +short (inayotoa jibu pekee bila maelezo mengine), hasa zile zinazotupa ujumbe wa makosa kwenye /dev/null, kwani hizo hazilalamiki: hupokea jibu tupu na kuendelea na kazi. Kubadili neno dig kuwa drill hakutoshi, maana drill haina +short.

Izoeeni drill mapema, mtandao ukiwa mzima. Swali la kawaida huandikwa karibu kama kwa dig, na -x hutafuta jina kutokana na anwani. Mimi hutumia zaidi drill -T, ambayo huanzia kwenye seva za mzizi, ikashuka hadi .ug, kikoa cha Uganda, kisha hadi kikoa chenyewe, nami nikaona ni hatua ipi isiyojibu.