Mwanafunzi akikwambia hana cha kuandika

Kila nikianza na kundi jipya la klabu ya uandishi, hadithi za wiki ya kwanza huwa ni zilezile. Jogoo anawika, mhusika anarauka, anapanda basi, basi linapinduka au majambazi wanalivamia, na mambo yanapokolea, kumbe ilikuwa ndoto. Si kwamba watoto hawa ni wavivu. Wamezoeshwa kuamini kwamba insha ni mahali pa mambo makubwa, na hayo makubwa wameyaokota kwenye insha za wenzao na tamthilia za televisheni. Mtoto anayeandika ajali ya basi hajawahi kuiona ajali hiyo. Ila anajua vizuri sana ni nani nyumbani kwao anayeficha rimoti, na anaificha wapi.

Kwa hiyo nawaanzisha na kanga. Kazi ya kwanza ni kwenda nyumbani kusoma jina la kanga moja, ya mama, bibi, shangazi au mpangaji mwenzao, kisha kuuliza imetoka wapi. Wanarudi na "Wema hauozi", "Japo sipati tamaa sikati", "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Uzuri wa kanga ni kwamba maneno yake yana mwenyewe. Kuna aliyeyachagua dukani akaacha mengine, kuna aliyeletewa zawadi akajiuliza anaambiwa nini, na mara nyingi kuna mtu aliyekusudiwa ayasome. Tena kanga huuzwa doti, vipande viwili vyenye jina moja. Kipande kimoja kikiwa kwa mama na cha pili kikionekana kwa mtu mwingine, hapo pana kisa kabla hujashika kalamu.

Binti mmoja wa darasa la sita alikuja na "Hasidi hana sababu". Akasema mhusika wake ana mama anayeivaa kanga hiyo akienda bombani tu. Nikamuuliza, kwa nini bombani? Akacheka. Kuna jirani. Haya, na huyo jirani, kesho yake alivaa nini? Akanyamaza, akaketi, akaanza kuandika. Katika hadithi yake jirani hajui kusoma. Anawaona wanawake wenzake wakikonyezana kwenye foleni ya ndoo, basi anamwita mtoto wa mwenye kanga pembeni: "Mwanangu, hebu nisomee, mama yako kaandikwa nini pale?" Mtoto anaitazama kanga, anamtazama yule mama, kisha anasema: "Imeandikwa Wema hauozi." Jioni jirani anabisha hodi na bakuli la futari.

Wazo hilo silo langu, na nisingeliweza kulibuni. Mimi niliuliza tu habari za kesho yake. Nimeona kwamba watoto wengi wanacho kisa, ila wanakikatisha siku ya kwanza, pale alipogombana au alipopotea. Ukiwasukuma hadi siku ya pili, mtu lazima achague la kufanya, na hapo ndipo hadithi inapopata miguu.

Angalizo kwa walimu: watoto watakuletea siri za nyumbani. Kabla hajamsomea yeyote, mwambie mama awe shangazi, bomba liwe kisima, na mtaa uwe mwingine. Hilo ni somo la ubunifu pia, maana akishalihamisha tukio analazimika kubuni anayoyakosa.

Wapo wasemao kwao hakuna kanga (wavulana hasa, ingawa kanga zipo, hawajaziangalia). Hao nawatuma kwenye maandishi ya nyuma ya daladala, au wafikirie daftari la madeni la dukani kwa Mangi. Jina moja limekatwa kwa kalamu, na mwenye jina anaapa hajalipa. Nani kamlipia?

Wakishachangamka tunaingia kwa Abunuwasi. Kuna kile kisa cha sufuria: anaazima kubwa, anairudisha pamoja na ndogo akidai imezaa, na mwenyewe anapokea bila kubisha. Akiiazima tena anasema imekufa. Nawaambia wasikisimulie upya, kila mtu anakijua. Wakihamishe. Kikiingia kwenye kikoba cha akina mama, fedha "zimezaa" mwezi huu, mwezi ujao je? Au waache mambo yalivyo, lakini msimulizi awe mtoto wa mwenye sufuria, aliyesikia baba akikubali kwamba chuma huzaa kwa sababu tu kilimpa faida. Kubadili msimulizi nakuamini kuliko zoezi lolote la kukariri tamathali. Na kuchukua kisa cha wengine si aibu: Abunuwasi mwenyewe alikuwa mshairi wa Baghdad wa karne ya 8, wasimulizi wakamchukua na kumfanya mjanja wa hadithi, hadi akawa wa kwetu.

Walimu wenzangu huniuliza, na mtihani je? Kwenye karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari kule Kenya, kwa mfano, mtahiniwa hukutana na methali ya kutungia kisa, au sentensi ya kuanzia ama kumalizia. Aliyezoea kujiuliza jina la kanga limeelekezwa kwa nani haanzi kwa kueleza maana ya methali kwa aya nzima. Anamtafuta mtu anayestahili kuambiwa methali hiyo, na mtu mwenye sababu ya kumwambia.

Anayekwama kabisa simpi karatasi. Namkalisha na mwenzake, amsimulie kwa Kiswahili chake cha mtaani, na mwenzake ana ruhusa ya swali moja tu: "Ikawaje?" Wanarekodi kwa simu yangu, kisha wanasikiliza na kunakili. Rasimu ya kwanza siigusi kwa kalamu nyekundu. Tahajia na ngeli tunazishughulikia kwenye ya pili, hadithi ikiwa imeshafika mwisho wake.